Namba yenye kipeo cha sehemu: mwongozo kamili wa kuirahisisha bila kikokotoo

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili atafute 8², atakujibu 64 kabla hujafunga mdomo. Mwambie atafute 8^(2/3), kalamu inasimama. Wanaothubutu kujibu huleta mojawapo ya majibu haya matatu: 5.33, 21.33 au 22.63. Yote si sahihi, lakini kila moja linaonyesha waziwazi hesabu ilipoharibikia. Aliyepata 5.33 amezidisha 8 kwa theluthi mbili. Aliyepata 21.33 ametafuta 8² halafu akagawanya kwa 3. Aliyepata 22.63 amepindua sehemu, akafanya 8^(3/2).

Jibu ni 4.

Wengi wanaokosea wanaijua kanuni. Tatizo ni kwamba wanaikimbilia kabla hawajaisoma namba iliyo mbele yao. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kusoma, na unafika kwenye kanuni yenyewe hatua ya tano tu. Mara za mwanzo usiruke hatua hata kama swali linaonekana jepesi.

Kwa kuwa simu na kompyuta hazipendi namba ndogo za juu, nitaandika kipeo cha sehemu kwa alama ^ na mabano: 8^(2/3) ni 8 yenye theluthi mbili juu kulia. Kwenye daftari andika kama ulivyozoea.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

Karatasi, penseli na kifutio. Kikokotoo kiweke mbali mpaka hatua ya mwisho. Kwenye mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne Tanzania, kwa miaka mingi kikokotoo hakijaruhusiwa chumbani. Kenya kinaruhusiwa kwenye KCSE, lakini maswali ya vipeo mara nyingi huja na sharti la kutotumia kikokotoo wala majedwali.

Unahitaji pia orodha hii. Iandike kwenye jalada la ndani la daftari:

- Vipeo vya 2: 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024
- Vipeo vya 3: 9, 27, 81, 243, 729
- Vipeo vya 5: 25, 125, 625, 3125
- Vipeo vya 7: 49, 343, 2401

Orodha ni fupi, lakini inabeba sehemu kubwa ya maswali utakayokutana nayo. Mtu anayeiona 243 na papo hapo akaiona 3⁵ ameshamaliza nusu ya kazi.

Na maneno matano tutakayotumia njia nzima. Kizio ni namba inayobebeshwa kipeo. Kipeo ni ile ndogo ya juu. Kipeo kikiwa sehemu, namba yake ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Kipeuo ni kile kinachotafutwa kwa alama ya √, au ∛ kikiwa kipeuo cha tatu: kipeuo cha pili cha 25 ni 5, kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, kwa sababu 2 × 2 × 2 = 8.

## Hatua ya 1: Tazama kipeo kimekamata nini

Kipeo hukamata kilichogusana nacho upande wa kushoto, basi. Kama kimegusana na mabano, kinakamata kila kilichomo. Kama kimegusana na namba tupu, kinakamata namba hiyo peke yake.

Linganisha:

5 × 4^(1/2) = 5 × 2 = 10
(5 × 4)^(1/2) = √20

Na hizi mbili, ambazo huwakamata hata wazoefu:

−9^(1/2) = −3
(−9)^(1/2) haina jibu kwenye namba halisi

Katika ile ya kwanza, alama ya kutoa iko nje na inasubiri. Unatafuta kipeuo cha pili cha 9, ndipo unaibandika alama mbele.

Zungushia kizio kwa penseli kabla ya kuandika chochote. Umefaulu hatua hii kama unaweza kuonyesha kwa kidole: kizio ni hiki, kipeo ni hiki, na hivi vingine vinasubiri.

## Hatua ya 2: Kipeo kiwe sehemu moja, iliyofupishwa

Kipeo kinaweza kuja kimevaa mavazi mbalimbali. Kikiwa desimali, kigeuze kiwe sehemu: 16^0.75 ni 16^(3/4). Kikiwa sehemu mchanganyiko, kigeuze kiwe sehemu guni: 9^(1½) ni 9^(3/2). Kikiwa hakijafupishwa, kifupishe: 27^(4/6) ni 27^(2/3).

Sababu ni kwamba asili ndiyo itakayokuambia utafute kipeuo cha ngapi. Ukiiacha 4/6 utahangaika na kipeuo cha sita cha 27, ambacho hakitoki kizima, ilhali kipeuo cha tatu ni 3 na kiko wazi.

Kizio nacho kikiwa desimali, kigeuze. 0.04 haikuambii kitu. 4/100, yaani 1/25, inakuambia kila kitu.

Tahadhari moja: 0.33 si theluthi. Ni 33/100. Theluthi ni 0.333 isiyokoma. Ukipiga 8^0.33 kwenye kikokotoo utapata takriban 1.986, wakati 8^(1/3) ni 2 kamili.

## Hatua ya 3: Kama kipeo ni hasi, pindua kizio

Kipeo hasi hakiifanyi namba kuwa hasi. Nimeiweka sentensi hiyo peke yake mwanzoni kwa sababu hakuna kosa linalojirudia kama hili. Tazama vipeo vya 3 vikishuka:

3² = 9
3¹ = 3
3⁰ = 1
3^(−1) = 1/3
3^(−2) = 1/9

Kila unaposhuka ngazi moja unagawanya kwa 3. Namba inazidi kuwa ndogo, lakini haivuki sifuri kamwe.

Kwa hiyo 27^(−2/3) inageuka kuwa 1/27^(2/3). Kizio kikiwa sehemu, kinapinduliwa tu: (8/27)^(−2/3) inakuwa (27/8)^(2/3).

Kinachopinduliwa ni kizio. Kipeo kinabaki kama kilivyo, kinapoteza alama ya hasi tu. Ukijikuta umeandika 27^(3/2), umepindua kisichopinduliwa, futa.

Umefaulu kama hakuna alama ya hasi iliyobaki kwenye kipeo chochote.

## Hatua ya 4: Vunja kizio kuwa vigawo tasa

Gawanya kizio kwa 2 mpaka kikatae, kisha kwa 3, kisha kwa 5, kuendelea mbele, mpaka ubaki na 1. Halafu andika vigawo hivyo kwa vipeo:

64 = 2⁶
125 = 5³
216 = 2³ × 3³
72 = 2³ × 3²

Mtu atasema: 64 si ni 8²? Ni kweli, na pia ni 4³. Lakini ukiandika 64^(2/3) kama (8²)^(2/3) unapata 8^(4/3), na kazi inaanza upya. Ukishuka moja kwa moja hadi 2⁶, hurudi nyuma tena. Namba tasa ndiyo sakafu. Chini yake hakuna pa kuanguka.

Kizio kikiwa sehemu, vunja juu na chini kila mahali peke yake. 27/8 inakuwa 3³/2³.

## Hatua ya 5: Asili ni kipeuo, kiasi ni kipeo

Hapa ndipo kanuni ilipo, na inafaa ujue inakotoka, maana ukiikariri bila sababu utaipindua siku ya mtihani.

Tunajua kwamba vizio vinavyofanana vikizidishwa, vipeo hujumlishwa: 2³ × 2⁴ = 2⁷. Sasa chukua 8^(1/3) uizidishe mara tatu:

8^(1/3) × 8^(1/3) × 8^(1/3) = 8^(1/3 + 1/3 + 1/3) = 8¹ = 8

Kwa hiyo 8^(1/3) ni namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara tatu unapata 8. Namba hiyo tunaijua: ni kipeuo cha tatu cha 8, yaani 2. Asili ya kipeo, ile 3 ya chini, ndiyo iliyotuita kwenye kipeuo cha tatu.

Theluthi mbili, basi, ni theluthi hiyo ikitumika mara mbili: 8^(2/3) = 8^(1/3) × 8^(1/3) = 2 × 2 = 4.

Asili: tafuta kipeuo. Kiasi: pandisha kipeo. Kihesabu, ukianza na chochote kati ya hivyo viwili utafika palepale kizio kikiwa chanya. Kwa mkono, anza na kipeuo kila mara. Sababu utaiona kwenye 125^(4/3). Anayeanza na kiasi anapaswa kutafuta 125⁴, ambayo ni 244,140,625, halafu atafute kipeuo cha tatu cha dubwana hilo. Anayeanza na asili anapata 5, kisha 5⁴ = 625. Wote wana jibu moja. Mmoja ameshageukia swali linalofuata.

Ukiwa umevunja kizio kwenye hatua ya 4, kazi yenyewe ni kuzidisha vipeo:

64^(2/3) = (2⁶)^(2/3) = 2^(6 × 2/3) = 2⁴ = 16

(27/8)^(2/3) = (3³/2³)^(2/3) = 3²/2² = 9/4

Angalia usichanganye kanuni mbili zinazofanana sura. Kipeo kilichopanda juu ya kipeo: zidisha. Vizio vinavyofanana vilivyosimama ubavu kwa ubavu na alama ya kuzidisha: jumlisha vipeo.

Umefaulu kama vipeo vyote vimetoka namba nzima. Visipotoka hivyo, hujakosea. Nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Kipeuo kisipotoka kizima

Vitabu vingi hupita hapa mbiombio, na wanafunzi huishia kuandika 16^(2/3) wakaacha hivyo hivyo, au wakakimbilia desimali. Kumbe jibu linaweza kusafishwa zaidi.

Chukua 16^(2/3). Kizio ni 2⁴, kwa hiyo tuna 2^(4 × 2/3) = 2^(8/3).

Sasa gawanya kiasi kwa asili: 8 ÷ 3 ni 2, baki 2. Namba nzima inatoka nje, baki inabaki ndani:

2^(8/3) = 2² × 2^(2/3) = 4∛4

Imekubalika kwa sababu 8/3 = 2 + 2/3, na vipeo vinavyojumlishwa ni vizio vinavyozidishwa. Kanuni ni ileile ya hatua ya 5, ikitembea kinyumenyume.

Kukiwa na namba tasa zaidi ya moja, fanya kila moja kivyake. Hii hapa 72^(1/2):

72^(1/2) = (2³ × 3²)^(1/2) = 2^(3/2) × 3¹

2^(3/2) ni 2 × √2, kwa sababu 3 ÷ 2 ni 1, baki 1. Jibu: 2 × 3 × √2 = 6√2.

Kubwa kidogo, 12^(3/2):

12^(3/2) = (2² × 3)^(3/2) = 2³ × 3^(3/2) = 8 × 3√3 = 24√3

Umefaulu kama kila namba tasa iliyobaki ndani ya alama ya kipeuo ina kipeo kidogo kuliko asili. Ndani ya kipeuo cha tatu, 2² inaruhusiwa. 2³ lazima itoke.

Kipeuo kikibaki chini ya mstari. Hii hutokea ukiwa umepita hatua ya 3. Mfano, 8^(−1/2) = 1/8^(1/2) = 1/(2√2). Walimu wengi hawakubali kipeuo kibaki chini, kwa hiyo zidisha juu na chini kwa √2:

1/(2√2) × √2/√2 = √2/4

Kwa kipeuo cha tatu, jihadhari. Ukiwa na 1/∛2, kuzidisha kwa ∛2 hakusaidii, maana ∛2 × ∛2 ni ∛4, bado ni kipeuo. Unahitaji kitakachokamilisha tatu. Chini una 2^(1/3), imepungua 2^(2/3), kwa hiyo zidisha kwa ∛4. Jibu linakuwa ∛4/2.

## Kizio kikiwa hasi

Sehemu hii inakuhusu kama hatua ya 1 ilikuonyesha alama ya hasi ndani ya mabano pamoja na kizio.

Tazama asili ya kipeo kilichofupishwa. Ikiwa witiri (3, 5, 7), kipeuo kipo na ni hasi:

(−8)^(2/3): kipeuo cha tatu cha −8 ni −2, na (−2)² = 4
(−32)^(3/5): kipeuo cha tano cha −32 ni −2, na (−2)³ = −8

Ikiwa shufwa (2, 4, 6), hakuna namba halisi inayofaa, kwa sababu hakuna namba halisi ambayo ukiizidisha yenyewe mara mbili, au mara nne, inakupa hasi. Kwa (−16)^(3/4) andika kwamba haina jibu kwenye namba halisi, usonge mbele. Hilo ni jibu kamili na lina alama zake.

Kufupisha kipeo kwanza kuna uzito wa pekee hapa. Chukua (−8)^(2/6). Ukiifupisha unapata (−8)^(1/3) = −2. Usipoifupisha, ukaanza na kiasi, unapata 64^(1/6) = 2. Swali moja, majibu mawili yenye alama tofauti! Shika la kwanza. Na ukiona kikokotoo kinakataa (−8)^(1/3) na kutoa ujumbe wa kosa, usishtuke. Baadhi havijatengenezwa kushughulika na vizio hasi vyenye vipeo vya sehemu.

## Hatua ya 7: Swali likiwa na namba kadhaa

Ukiona namba nyingi, usianze kutafuta vipeuo. Vunja zote kwanza, uone kama zina ukoo mmoja. Mfano ninaoupenda kuliko mingine:

9^(3/4) × 27^(1/2)

Ukiangalia moja moja, zote mbili hazitoki namba nzima, na wengi hukata tamaa. Lakini zote ni watoto wa 3:

9^(3/4) = (3²)^(3/4) = 3^(3/2)
27^(1/2) = (3³)^(1/2) = 3^(3/2)

Kwa hiyo 3^(3/2) × 3^(3/2) = 3^(3/2 + 3/2) = 3³ = 27.

Vikigawanywa, vipeo hutolewa. Vizio vikiwa vya koo tofauti, malizia kila kimoja peke yake:

16^(3/4) × 27^(−2/3) ÷ 32^(2/5)
= 8 × 1/9 ÷ 4
= 2/9

Vikijumlishwa au kutolewa, kanuni zote za vipeo zinakaa pembeni. Hakuna mkato. 16^(1/2) + 9^(1/2) ni 4 + 3 = 7, wakati (16 + 9)^(1/2) ni 5. Kipeo hakigawiwi kwa vitu vilivyojumlishwa ndani ya mabano, hata uwe na haraka kiasi gani. Unachoweza kufanya ni kurahisisha kila kimoja, kisha kujumlisha vyenye kipeuo sawa: 8^(1/2) + 18^(1/2) = 2√2 + 3√2 = 5√2.

## Hatua ya 8: Hakiki

Kwanza kwa jicho. Kizio kikiwa kikubwa kuliko 1 na kipeo kiko kati ya 0 na 1, jibu lazima liwe kati ya 1 na kizio chenyewe. Kwa 8^(2/3), jibu linatakiwa liwe kati ya 1 na 8. Yule mwenye 21.33 na mwenye 22.63 wangejikamata wenyewe hapa. Mwenye 5.33 hanaswi kwa jicho, ndiyo maana kuna njia ya pili.

Kizio kikiwa kati ya 0 na 1 mambo hugeuka: (1/16)^(1/4) ni 1/2, kubwa kuliko 1/16. Hilo huwashangaza watu, lakini ni sahihi. Zidisha nusu mara nne uone.

Njia ya pili ni kurudi kinyume. Chukua jibu, ulipe kipeo kilichopinduliwa. Kama 8^(2/3) = 4, basi 4^(3/2) lazima irudi kuwa 8. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na 2³ ni 8. Imerudi. Mwenye 5.33 hatarudi kwenye 8.

Sasa unaweza kuchukua kikokotoo. Weka kipeo chote ndani ya mabano: 8 ^ ( 2 ÷ 3 ). Ukisahau mabano, kinafanya 8² kwanza, kisha kinagawanya kwa 3, na unapata ile 21.33 ya mwanzo. Kikokotoo kimefuata ulichoandika.

## Mfano mmoja wa fedha, wote kwa ukamilifu

Umeweka shilingi 500,000 mahali zinapokua kwa riba ya kila mwaka inayoongezwa juu ya jumla yote. Baada ya miaka 2 unakuta 720,000. Usipozigusa, baada ya miaka 3 tangu uziweke zitakuwa ngapi?

Kwa miaka 2 fedha imezidishwa kwa 720,000 ÷ 500,000 = 1.44. Miaka 3 ni mara 3/2 ya kipindi hicho cha miaka 2. Kwa hiyo fedha itazidishwa kwa 1.44^(3/2).

Hatua ya 1: kizio ni 1.44, kipeo ni 3/2. Hatua ya 2: kizio ni desimali, kigeuze: 144/100. Hatua ya 3 haituhusu. Hatua ya 4: 144 = 2⁴ × 3², na 100 = 2² × 5²; ukifupisha unapata (2² × 3²)/5², yaani 36/25. Hatua ya 5: kipeuo cha pili ni 6/5, na (6/5)³ = 216/125 = 1.728.

500,000 × 1.728 = 864,000.

Hakiki kwa kutembea mwaka kwa mwaka: 6/5 ni 1.2, yaani ukuaji wa asilimia 20. Kutoka 500,000 unapata 600,000, kisha 720,000, kisha 864,000. Imekubali.

Kwenye mfano huu unaweza kuona sehemu inafanya nini. Asili, ile 2, ilikurudisha kutoka kipindi cha miaka miwili hadi mwaka mmoja. Kiasi, ile 3, ilikupeleka mbele miaka mitatu. Anayegawanya asilimia 44 kwa 2 anapata 22 kwa mwaka, na hesabu yake haitarudi kwenye 720,000.

Kipeo hichohicho cha 3/2 ndicho kinachofuatwa na sayari. Ukipima umbali wa sayari kutoka kwenye Jua kwa kulinganisha na ule wa Dunia, muda wake wa kulizunguka Jua kwa miaka ya Dunia ni umbali huo kwa kipeo cha 3/2. Mirihi iko mara 1.524 hivi, na 1.524^(3/2) ni karibu 1.88. Kitu kilicho mbali mara 4 kitatumia 4^(3/2), na hiyo huhitaji karatasi: miaka 8.

## Mazoezi

Fanya yote bila kikokotoo, kisha linganisha.

1. 81^(3/4)
2. 32^(−3/5)
3. (25/49)^(−1/2)
4. (−27)^(4/3)
5. −27^(4/3)
6. 0.04^1.5
7. 24^(2/3)
8. 8^(1/2) × 2^(5/2)

Majibu: (1) 27. (2) 1/8. (3) 7/5. (4) 81. (5) −81. (6) 1/125, yaani 0.008. (7) 4∛9. (8) 16.

Ukikosa la 2 au la 3, rudi hatua ya 3. Ukiwa na jibu moja kwa la 4 na la 5, tatizo liko hatua ya 1. La 6 likikushinda, hukugeuza kizio na kipeo kabla ya kuanza. La 7 huwasumbua wengi kwa sababu 24 haiko kwenye orodha ya jalada. Ivunje kuwa 2³ × 3, kila namba tasa ipewe kipeo chake, na ∛9 ibaki ndani kwa amani. Na kama kwenye la 8 ulitafuta √8 kwanza, utafika, ila utakuwa umezunguka; itazame tena kama 2^(3/2) × 2^(5/2).